Jinsi ya Kuhudhuria Mkutano wa Wakutubi Kuhusu Teknolojia ya Intaneti Jijini Nairobi: Mwongozo Kamili

Maktaba za vyuo, za kaunti na za taasisi za utafiti huwatuma wakutubi wao Nairobi kuhudhuria mikutano ya kitaaluma kuhusu mifumo ya kompyuta, hifadhi za kidijitali na huduma za intaneti, na wengi hurudi na begi la kitambaa, cheti na slaidi ambazo hazifunguliwi tena. Malalamiko yanayofuata ni yale yale. Mfumo uliopendeza ukumbini unagoma kwenye seva ya nyumbani, mkuu wa maktaba haoni fedha zilikokwenda, na ofisi ya fedha inaanza kukata mshahara wa aliyesafiri.

Kwa maoni yangu, tatizo kubwa haliko ukumbini. Mkutubi aliondoka bila swali lililotokana na mashine za maktaba yake mwenyewe, kwa hiyo alikubali majibu ya maswali ya watu wengine. Ndiyo maana karibu nusu ya hatua zilizo hapa chini hufanyika kabla ya kupanda gari.

## Vitu unavyohitaji

- Karatasi moja yenye taarifa za kiufundi za maktaba yako (tazama Hatua ya 2).
- Barua ya mwaliko, ratiba ya mkutano, ankara ya mwandalizi na kibali cha maandishi cha mkuu wako.
- Kitambulisho cha taifa na kadi ya kazi.
- Kipakatalishi chenye betri inayodumu, chaja, na waya wa kurefushia umeme wenye matundu kadhaa, kwa sababu kumbi nyingi zina soketi chache na zote ziko ukutani.
- Bando la data kwenye laini yako ya simu, hata kama waandalizi wameahidi Wi-Fi.
- Flashi yenye rekodi chache za katalogi yako, zisizo na taarifa yoyote ya wasomaji.
- Daftari na kalamu.
- Bahasha ngumu ya kuwekea risiti.

## Hatua ya 1: Tafuta swali moja

Kaa na wenzako wa dawati la huduma, soma daftari la malalamiko, kisha zungumza na afisa wa teknolojia wa taasisi yenu. Waulize ni jambo gani linalowakwamisha wasomaji kila wiki. Kati ya majibu hayo chagua moja tu.

Swali lisemalo «nataka kujifunza kuhusu maktaba za kidijitali» halina faida, kwa sababu kila mada itaonekana kulijibu na hakuna itakayolimaliza. Linganisha na haya matatu:

«Hifadhi yetu ya tasnifu inatumia DSpace 6, toleo la programu ya hifadhi za kidijitali ambalo liliacha kupata marekebisho ya usalama mwaka 2023. Tutaihamishia toleo jipya vipi bila kuvunja anwani za kudumu za tasnifu ambazo tayari zimenukuliwa na watafiti?»

«Wanafunzi wetu wakiwa nyumbani hawawezi kufungua majarida tuliyoyalipia, kwa kuwa wachapishaji wanatambua anwani za IP (namba za mtandao) za chuoni pekee. Ni njia gani ya kuwathibitisha tunayoweza kuimudu?»

«Intaneti ya tawi letu hukatika mchana, saa ambazo wanafunzi wa shule hujaa. Je, tunaweza kuweka Wikipedia nzima kwenye kompyuta ya ndani kwa programu ya Kiwix na kuwahudumia bila intaneti?»

Kila moja linataja mfumo, tatizo na kikwazo. Mtu aliyewahi kulishughulikia atakujibu kwa dakika tano, na asiyelijua atakuelekeza kwa anayelijua.

Tahadhari: usibebe maswali matano. Ratiba ya mkutano huwa na vikao vinavyokwenda sambamba, na mwenye maswali mengi huishia kuhamahama kutoka chumba hadi chumba na kukosa mwisho wa kila mada, ambapo ndipo maswali huulizwa.

Utajua umefaulu ikiwa afisa wa teknolojia amelielewa swali lako bila kuomba maelezo zaidi.

## Hatua ya 2: Pima maktaba yako

Mwasilishaji yeyote makini utakayemwendea atakuuliza kwanza: «Mnatumia toleo gani?» Usipojua, mazungumzo yameishia hapo. Andika yafuatayo kwenye karatasi moja:

*Mfumo wa maktaba na toleo lake.* Kama mnatumia Koha, programu huria ya kuendeshea maktaba na katalogi yake, ingia upande wa wafanyakazi na ufungue ukurasa unaoeleza kuhusu Koha yenyewe; utaonyesha toleo la Koha, la Perl (lugha iliyotumika kuiandika) na la hifadhidata. Namba ya toleo ina maana: 23.11 ni toleo la Novemba 2023, na 24.05 ni la Mei 2024, kwa kuwa Koha hutoa toleo kubwa mara mbili kwa mwaka. Ukiona namba yenu imeachwa nyuma kwa miaka kadhaa, huenda umelipata swali lako bila kutafuta zaidi.

*Seva.* Omba afisa wa teknolojia aendeshe amri `free -h` kwa ajili ya memori na `df -h` kwa ajili ya nafasi ya diski, kama seva yenu ni ya Linux. Nakili matokeo yote mawili.

*Intaneti.* Pima kasi mara mbili: asubuhi kabla ya wasomaji kuingia, na saa nane mchana maktaba ikiwa imejaa. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ina maana kuliko kasi iliyoandikwa kwenye mkataba wa mtoa huduma.

*Rekodi na watu.* Idadi ya rekodi kwenye katalogi, idadi ya wasomaji waliosajiliwa, na jina la cheo cha mtu anayetunza seva. Kipengele hiki cha mwisho husahauliwa, ilhali mfumo usio na mtunzaji aliyetajwa kwa cheo hauishi muda mrefu.

Tahadhari: usiandike manenosiri wala anwani za ndani za seva kwenye karatasi hiyo. Itapita mikononi mwa watu wengi.

## Hatua ya 3: Uchunguze mkutano kabla ya kuulipia

Mikutano ya kuaminika hutangazwa na vyama na mashirika yanayojulikana: Chama cha Maktaba cha Kenya, KLA, muungano wa maktaba wa KLISC, unaonunua majarida ya kielektroniki kwa niaba ya wanachama wake, SCECSAL, inayowakutanisha wakutubi wa Afrika Mashariki, ya Kati na ya Kusini kila baada ya miaka miwili, na AfLIA, jumuiya ya maktaba ya bara zima yenye makao yake Accra, ambayo ilifanyia mkutano wake Nairobi mwaka 2019.

Kuna pia mikutano hewa. Dalili zake hazifichiki: tangazo moja linalokusanya ukutubi, uhandisi, udaktari na kilimo, ikisiri (muhtasari wa mada) inayokubaliwa siku ile ile uliyoituma, ukumbi unaotajwa kuwa «hoteli ya kifahari jijini» bila jina, na ada inayotakiwa kutumwa kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Mwandalizi halali hutoa akaunti ya benki au namba ya paybill (ya kulipia shirika kwa simu) iliyosajiliwa kwa jina la shirika. M-Pesa hukuonyesha jina la mpokeaji kabla ya malipo kukamilika, kwa hiyo lisome jina hilo, na lisipolingana na lililo kwenye ankara, sitisha.

Kisha isome ratiba kwa swali lako. Warsha ya nusu siku ambamo washiriki wanakaa mbele ya kompyuta na kufanya kazi ina uzito kuliko hotuba tatu za ufunguzi. Ikiwa hakuna kikao hata kimoja kinachogusa swali lako, usiende mwaka huo. Wakuu wa maktaba huwaheshimu wafanyakazi wanaosema hivyo, na ombi lako lijalo litasikilizwa upesi zaidi.

## Hatua ya 4: Omba kibali na fedha

Andika ombi lisilozidi ukurasa mmoja. Anza na tatizo la maktaba, wala usianze na sifa za mkutano. Mfano:

«Mheshimiwa Mkuu wa Maktaba, wanafunzi walio nje ya chuo hawafikii majarida tunayoyalipia. Naomba kibali cha kuhudhuria mkutano uliotajwa kwenye kiambatisho, ambamo kuna warsha kuhusu uthibitishaji wa wasomaji walio mbali. Nikirudi nitafanya jaribio kwenye kompyuta moja ya ofisi na kukuletea matokeo ndani ya mwezi mmoja. Gharama zimeambatishwa.»

Kwenye gharama tenganisha ada ya usajili, nauli, malazi na posho. Uliza mapema kama ada inajumuisha chakula cha mchana, kwa kuwa posho yako inaweza kupunguzwa kwa sababu hiyo. Ikiwa taasisi yenu huwalipia tu wanaowasilisha mada, tuma ikisiri ya bango, yaani mada inayobandikwa ukutani badala ya kuhutubiwa. Bango linaloeleza tatizo ambalo halijatatuliwa huwavuta waliolitatua, nao watakuja wenyewe hadi uliposimama.

Sasa kuhusu masurufu, yaani fedha za safari zinazotolewa kabla ya kuondoka, ambako wakutubi wengi wa umma huumia. Kanuni za usimamizi wa fedha za umma za mwaka 2015 zinamtaka aliyepewa masurufu ya safari ayarejeshee hesabu ndani ya siku 7 za kazi baada ya kurudi kituoni. Asipofanya hivyo, fedha zote hurejeshwa kutoka kwenye mshahara wake, tena kwa riba. Kanuni hizo pia haziruhusu kupewa masurufu mapya ukiwa na ya zamani ambayo hayajahesabiwa. Kabla ya kuandika ombi, pita ofisi ya fedha uhakikishe jina lako halina deni, na uulize ni nyaraka gani hasa wanazozitaka. Ofisi nyingi sasa hukataa risiti ya kuandikwa kwa mkono na kudai ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya, nawe huwezi kumrudia mwenye nyumba ya wageni wiki mbili baadaye kuiomba.

Utajua umefaulu ukiwa na kibali cha maandishi na orodha ya nyaraka za hesabu kabla ya kulipa chochote. Kibali cha mdomo hakitambuliki mbele ya mkaguzi.

### Ikiwa fedha hazikupatikana

Shiriki kwa njia ya mtandao, lakini uombe kuachiliwa dawati kwa saa za vikao, kwani mkutubi anayesikiliza mada huku akiazimisha vitabu hasikii lolote. Angalia saa kwa makini katika mikutano ya nje. Kikao cha saa tatu asubuhi London mwezi Julai huwa saa tano asubuhi kwetu, na mwezi Desemba huwa saa sita mchana. Kikao cha saa tatu asubuhi Washington mwezi Julai huwa saa kumi alasiri. Hatua nyingine zote zinabaki vilevile, isipokuwa ile ya safari.

## Hatua ya 5: Panga safari na malazi

Lala upande ule ule wa jiji ulipo mkutano. Ukumbi wa KICC uko katikati ya jiji na unafikika kwa miguu kutoka vituo vingi vya matatu, lakini hoteli zenye kumbi kubwa zimetawanyika: nyingine ziko Barabara ya Thika, nyingine Barabara ya Ngong, nyingine Upper Hill. Anayelala Rongai na kwenda mkutanoni Kasarani atakosa kikao cha kwanza kila siku, na mvua za Machi hadi Mei au za Oktoba hadi Desemba zikinyesha atakosa na cha pili.

Anayetoka Mombasa kwa treni ya SGR hushukia Syokimau, na kutoka hapo kuna treni ya abiria ya kumfikisha katikati ya jiji. Wanaotoka Nakuru, Eldoret au Kisumu kwa matatu wafanye hima kufika mchana.

Kama una saa chache za ziada, tembelea Maktaba Kuu ya Taifa iliyoko Upper Hill au Maktaba ya McMillan iliyofunguliwa mwaka 1931 katika Mtaa wa Banda. Omba kuona jinsi wanavyohudumia wasomaji kwenye kompyuta, na uulize kinachowasumbua wao.

## Hatua ya 6: Andaa vifaa usiku wa kuamkia mkutano

Pakua ratiba, ikisiri na ramani ya ukumbi ili vifunguke bila intaneti. Wi-Fi ya ukumbi inayotosha watu hamsini hulemewa wakiingia mia tatu, na inakuwa jambo la ajabu kidogo kuona mkutano wa teknolojia ya intaneti ukiendeshwa kwa data za simu za washiriki.

Kama taasisi yenu ni mwanachama wa KENET, mtandao wa elimu na utafiti wa Kenya, uliza kuhusu eduroam kabla ya kuondoka nyumbani. Huduma hiyo hukuruhusu kuunganishwa katika vyuo vingine kwa jina na nenosiri la chuo chako. Isanidi na kuijaribu ukiwa kwako, kwa sababu usanidi wenyewe huhitaji intaneti na wakati mwingine msaada wa mtu wa ofisi yenu. Usitarajie kuipata hotelini.

Tahadhari: kwenye Wi-Fi ya wazi ya ukumbi usiingie katika akaunti ya msimamizi wa seva yenu. Ukilazimika kumwonyesha mtu jambo fulani, tumia data za simu yako.

## Hatua ya 7: Ukiwa katika vikao

Keti karibu na njia, mbele kiasi. Utaiona skrini vizuri, na utaweza kumfikia mwasilishaji kabla hajazungukwa na watu.

Usinakili slaidi; waandalizi wengi huzituma baadaye. Andika yale yasiyoandikwa kwenye slaidi: toleo la programu lililotumika, ukubwa wa seva, idadi ya rekodi, muda uliotumika, waliofanya kazi hiyo, na lililoharibika njiani. Mada nyingi huonyesha skrini ya mwisho iliyokamilika, wakati wewe unahitaji kujua miezi sita iliyotangulia skrini hiyo ilikuwaje.

Zamu ya maswali ikifika, simama, taja jina lako na maktaba yako, kisha uulize kwa sentensi mbili. Kuuliza si ujinga, lakini kuhutubia kwa kisingizio cha kuuliza huwachosha watu na kumnyima mwingine nafasi. Maswali matatu huleta majibu mazuri karibu kila mara:

1. Ni wapi kazi hii ilikwama, na mliikwamua vipi?
2. Nani anaitunza leo, na alijifunza wapi?
3. Mngeanza upya mngeacha nini?

Chukua mfano wa yule mwenye DSpace 6. Mwasilishaji akisema tu kwamba «tulihamia toleo la 7», mwulize kuhusu mambo mawili. La kwanza ni memori, kwa kuwa kuanzia toleo la 7, lililotoka mwaka 2021, DSpace ina sehemu mbili zinazojitegemea: sehemu ya nyuma (ya seva) iliyoandikwa kwa lugha ya Java na sehemu ya mbele (anayoiona msomaji) ya Angular inayoendeshwa na Node.js. Seva ndogo iliyobeba toleo la zamani bila taabu huenda isizibebe zote mbili. La pili ni takwimu za usomaji. Zimehifadhiwa katika programu ya utafutaji ya Solr, ambayo sasa husakinishwa peke yake, na lazima zitolewe na kuingizwa upya. Maktaba isiyolijua hilo huamka siku moja na kukuta kumbukumbu zake zote za upakuaji zikisoma sifuri, mbele ya mkuu wa chuo anayetaka ripoti.

Utajua umefaulu ikiwa, kikao kikiisha, unaweza kusema ni lipi unaloweza kulijaribu kwenye mashine uliyo nayo na ni lipi linalohitaji mashine mpya.

## Hatua ya 8: Katika mabanda ya wauzaji

Wauzaji ni sehemu halali ya mkutano, na baadhi yao wanaijua mifumo yao kuliko mtu yeyote ukumbini. Hata hivyo, mwonekano wanaokuonyesha umeandaliwa kwa rekodi safi na intaneti ya kasi. Toa flashi yako uombe rekodi zako mwenyewe ziingizwe kwenye mfumo wao. Rekodi zenye herufi zilizoharibika, tarehe zilizokosewa na majina ya waandishi yaliyogeuzwa zitakuambia mengi kwa muda mfupi. Kisha ufungue katalogi hiyo kwenye simu yako kwa data zako, kwani wengi wa wasomaji wako watatumia simu.

Uliza haya na uandike majibu mbele ya muuzaji:

Tukiacha kulipa, rekodi zetu zote zitatoka katika MARC21, muundo wa rekodi unaotumiwa na maktaba nyingi, na kwa gharama gani? Bei ya mwaka wa pili na wa tatu ni ipi, na inatozwa kwa shilingi au kwa dola? Takwimu za matumizi zinafuata COUNTER, kanuni za kimataifa za kuhesabu matumizi ya majarida ya kielektroniki? Nani hupokea simu mfumo ukianguka Jumamosi?

Mwenye mfumo mzuri hujibu swali la kuondoka kwa rekodi bila kusita. Anayelikwepa ameshakujibu.

Kuhusu majarida ya kielektroniki, usimpe muuzaji ahadi yoyote kabla ya kukagua kama tayari mnayapata kwa njia nyingine. Huenda yamo katika vifurushi vya KLISC, au katika Research4Life yenye makusanyo matano: Hinari ya afya, AGORA ya kilimo, OARE ya mazingira, ARDI ya ubunifu na teknolojia, na GOALI ya sheria. Kulipia mara mbili jarida lile lile ni kosa la kawaida kuliko watu wanavyokiri.

Tahadhari: flashi hiyo isiwe na jina, namba ya simu wala historia ya kuazima ya msomaji hata mmoja. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaihusu maktaba kama inavyozihusu benki. Vilevile, usisaini chochote bandani, na fahamu kwamba anayeskani beji yako amechukua mawasiliano yako.

## Hatua ya 9: Wakati wa chai

Chai ya saa nne ndipo utakapoambiwa yale ambayo mwasilishaji hakuweza kuyasema jukwaani. Usikae na wenzako mliotoka nao, mtaonana Jumatatu. Tafuta mtu wa maktaba inayolingana na yako kwa ukubwa na bajeti, kwa kuwa njia iliyofaa chuo chenye idara nzima ya teknolojia haitafaa tawi lenye mkutubi mmoja.

Waite watu kwa vyeo vyao, Daktari, Mwalimu, Bi. au Bwana, hadi wakuruhusu vinginevyo. Omba barua pepe badala ya namba ya simu, kisha uandike jioni ile ile kabla sura yako haijasahaulika:

«Habari za jioni, Daktari. Mimi ndiye mkutubi niliyekuuliza leo mchana kuhusu wasomaji walio nje ya chuo. Ulisema mlijiunga na RAFIKI, shirikisho la utambulisho la KENET linalowaruhusu wasomaji kuingia kwa nenosiri la chuo chao. Naomba, ukipata nafasi, uniunganishe na afisa wenu aliyeshughulikia usanidi. Nimeambatisha karatasi moja inayoeleza mfumo wetu.»

Karatasi hiyo ni ile ya Hatua ya 2. Barua fupi yenye ombi moja hujibiwa. Ile ya «naomba ushauri wowote» huwekwa kando.

## Hatua ya 10: Funga hesabu na kumbukumbu

Kila jioni andika ukurasa mmoja ukiwa bado una kumbukumbu, na uweke alama kwenye jambo moja la kujaribu. Risiti ziingie kwenye bahasha siku hiyo hiyo, zikiwa zimepigwa picha, kwa sababu wino wa karatasi za mashine hufifia.

Ukirudi kituoni, peleka hesabu za masurufu siku ya kwanza au ya pili. Ambatisha cheti cha kuhudhuria, risiti, tiketi na nakala ya kibali, kisha uombe nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Hifadhi nakala hiyo mwenyewe. Faili hupotea, na bila muhuri huo huna ushahidi kwamba ulirudisha hesabu kwa wakati.

## Hatua ya 11: Fanya jaribio ndani ya wiki mbili

Usiguse mfumo unaowahudumia wasomaji. Tafuta kompyuta ya ziada, uweke mfumo wa Linux unaofaa, kwa mfano Debian kwa Koha, kisha usakinishe toleo jipya na kuingiza nakala.

Kwa Koha, toa rekodi za vitabu pekee katika MARC21 na uache za wasomaji. Kwa DSpace, unahitaji nakala ya hifadhidata ya PostgreSQL na folda ya *assetstore* yenye mafaili yenyewe. Ukikosa mojawapo, utapata majina ya tasnifu yasiyofunguka au mafaili yasiyo na majina. Uhamisho ukikamilika, chagua tasnifu ishirini za miaka tofauti na ufungue kila moja kwa anwani yake ya kudumu. Zikifunguka zote, nakala yako ni nzima. Zikikataa baadhi, linganisha kwanza kiambishi cha anwani kwenye usanidi mpya na kile cha zamani, kabla ya kulaumu programu.

Kwa Kiwix, kazi ni nyepesi: pakua faili la Wikipedia la Kiswahili, ambalo ni dogo sana likilinganishwa na la Kiingereza, liweke kwenye kompyuta moja, kisha uwaachie wanafunzi wa mchana walitumie huku waya wa intaneti umechomolewa.

Jaribio likikwama, nakili ujumbe wa kosa kama ulivyo, pamoja na toleo na amri uliyoendesha, umtumie yule uliyekutana naye wakati wa chai. Picha ya skrini yenye ukungu iliyopigwa kwa simu haimsaidii mtu.

## Hatua ya 12: Ripoti na makabidhiano

Ripoti ya kurasa ishirini inayosimulia kila hotuba haisomwi. Andika kurasa moja au mbili zenye swali ulilokwenda nalo, jibu ulilolipata, matokeo ya jaribio, gharama ya kuliendeleza na ombi moja kwa mkuu wa maktaba. Kisha waite wenzako kwa saa moja mbele ya kompyuta ya jaribio, na uwaachie wao waendeshe wakati wewe umekaa kando.

Weka kipimo kimoja cha miezi mitatu ijayo, kinachosomeka bila maelezo: idadi ya wanafunzi waliofungua majarida wakiwa nje ya chuo kulingana na ripoti za COUNTER, au idadi ya tasnifu zilizopakuliwa kutoka kwenye hifadhi mpya.

Mwisho, andika hatua zote za usakinishaji kwa mpangilio, pamoja na matoleo, tarehe na mahali nakala za akiba zilipo, uzikabidhi kwa mkuu wa maktaba na kwa afisa wa teknolojia. Manenosiri yapitie utaratibu wa siri wa taasisi. Mara nyingi anayehamishwa kituo baada ya mfumo mpya kukaa sawa ni yule yule aliyeujifunza mkutanoni, na anayebaki huachiwa seva asiyojua jinsi ya kuiwasha upya umeme ukikatika.